Kadi ya Gretzky yenye kingo nzuri mno

Swali: Habari kaka. Niko Edmonton, nimenunua kadi ya kukusanya ya Wayne Gretzky, yule mchezaji wa hoki ya barafu, ya 1979 ya kampuni ya O-Pee-Chee, kwa mzee mmoja jirani. Jamaa wa kazini kaiona kasema hii haikukatwa kiwandani, mtu kaikata mwenyewe kutoka kwenye shiti zima la kadi ambazo hazijakatwa, eti kingo zake nzuri mno. Sasa uzuri nao ni kosa? Nitajuaje?

Jibu: Nzuri kaka. Kwa kadi hiyo jamaa yako ana hoja kabisa, uzuri wa kingo ndio kitu cha kwanza kinachonitia wasiwasi na mimi.

Kwanza geuza nyuma. Kama maandishi ni Kiingereza na Kifaransa, ndio O-Pee-Chee ya Kanada, kama Kiingereza kitupu basi ni ya kampuni ya Topps ya Marekani, na hapo mambo ni mengine kabisa, maana Topps walikata kwa kisu kingo zikatoka laini. O-Pee-Chee kule London, Ontario, walikata kwa waya, na waya unachana karatasi kuliko kuikata, ndio maana kadi zao nyingi ukingo una manyoyamanyoya hata kama haijawahi kuguswa tangu itoke kwenye pakiti. Sio zote zina manyoya sawa, zingine zimetoka safi kiasi, kwa hiyo usiihukumu kwa hilo peke yake.

Njia ninayoiamini mimi ni hii: tafuta kadi mbili tatu za seti hiyohiyo ya 1979, za wachezaji wasio na jina, bei yake ndogo tu, uweke ya kwako katikati yao halafu uzitazame kwa ubavuni na kioo cha kukuzia. Ukingo wa miaka yote hiyo umeingia vumbi na umepauka rangi ya chai, sasa kama wa kwako ni mweupe umekaa kama karatasi iliyokatwa juzi hapo kuna mtu kapitisha kisu. Angalia pia kama mstari unapinda kidogo karibu na pembe, pale mkono ulipomalizia. Halafu pima, inatakiwa iwe kama milimita 63.5 kwa 88.9, na upime juu, katikati na chini, maana aliyekata kwa mkono mara nyingi upande mmoja unamponyoka.

Na usitulie eti kwa sababu kadi ina gredi, yaani namba ya ubora inayotolewa na kampuni za kukagua kadi. Gretzky mwenyewe na Bruce McNall, mmiliki wa timu yake wakati huo, walinunua kadi ya besiboli ya Honus Wagner mwaka 1991 kwa dola 451,000, kampuni ya gredi ya PSA wakaipa gredi 8, halafu 2013 mfanyabiashara wa kadi Bill Mastro akakiri mbele ya sheria kwamba alikuwa ameipunguza kingo kabla ya hapo. Yaani kadi maarufu kuliko zote!

Ikitokea kweli imekatwa kutoka kwenye shiti, hiyo bado ni chapa halali ya kiwandani, sio feki, ila kampuni za gredi kwa kawaida hazitaipa namba na bei inaporomoka vibaya. Ukiiuza, mwambie mnunuzi. Na tafadhali kaka usije ukasugua hizo kingo ili zifanane na za waya, nimeshaletewa kadi za namna hiyo, ukiweka kioo tu zinaonekana.