Mamangu amehamia Mtwapa: kliniki ya sukari nitaipataje mtandaoni?

SWALI: Mamangu ana miaka 67, ana sukari na presha. Mwezi uliopita alitoka Kakamega akaja kukaa nasi Mtwapa. Nikitafuta kliniki kwa simu naletewa matangazo, na zahanati niliyoelekezwa na ramani nilikuta ilifungwa kitambo. Je, kuna orodha ya kuaminika? Tena tangu babangu afariki, mama hali vizuri wala halali. Azungumze na nani?

JIBU: Poleni sana kwa msiba, dadangu. Orodha ipo. Wizara ya Afya inaweka Orodha Kuu ya Vituo vya Afya nchini Kenya. Andika KMHFR (zamani iliitwa KMHFL) kwenye simu utaiona. Ni bure. Vimo vya serikali, vya makanisa na vya watu binafsi, na kila kituo kina namba yake. Namba hiyo iandike mahali, kwa sababu majina hufanana mno, hasa ya watakatifu.

Wengi hukwama kwenye kutafuta. Wanaandika ugonjwa kwenye kisanduku cha jina, hawapati kitu, wanakata tamaa. Kisanduku hicho kinasoma jina la kituo tu. Wewe chagua kaunti ya Kilifi, kaunti ndogo ya Kilifi Kusini, kisha wadi ya Shimo la Tewa. Halafu chuja hali ya kituo, vibaki vinavyofanya kazi tu. Usikimbilie kuchuja kwa huduma. Nimefanya kazi ya rekodi za afya miaka mingi, na ninajua vituo ambavyo huduma zao hazijawahi kujazwa zote. Ukichuja kwa sukari, kituo kama hicho kinapotea hata kama kinatibu sukari kila wiki. Fungua kimoja kimoja usome.

Angalia ngazi pia. Zahanati ni ngazi ya 2, kituo cha afya ni ya 3, hospitali ya kaunti ndogo ni ya 4. Kupimwa presha na sukari kwa kawaida, ngazi ya 3 inatosha na iko karibu. Figo au macho yakianza kusumbua, atahitaji ngazi ya 4 kwenda juu. Kama hajasajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, msajili leo kwa *147#. Na kliniki ya mtu binafsi, hakikisha leseni yake ya mwaka huu inaonekana kwa Baraza la Madaktari, KMPDC.

Sasa, kabla hujatoa nauli, piga simu. Orodha haijui kama dawa zimeisha jana. Mama mmoja alipanda matatu mbili Alhamisi na kitabu chake cha kliniki mkononi, akaambiwa sukari ni Jumanne. Alikuwa hajanywa hata chai, akidhani atapimwa damu. Kwa hiyo uliza hivi: kliniki ya sukari ni siku gani, saa ngapi mnaanza, dawa ya sukari ya metformin ipo, aje bila kula? Simu isipopokelewa, muulize mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Yeye anajua daktari huja lini. Siku ya kwanza beba kitabu cha Kakamega na dawa zote zikiwa kwenye pakiti zake.

Kuhusu huzuni ya mama, mwambie daktari siku hiyo hiyo. Mtu wa sukari asiyekula huku anameza dawa sukari yake inaweza kushuka ghafla, kwa hiyo hilo lisingoje. Ukitafuta mshauri nasaha wa kulipia, muulize namba yake ya usajili kwenye bodi ya washauri nasaha na wanasaikolojia, iliyoundwa kwa sheria ya 2014. Mwenye kusomea kazi hiyo hatakasirika kuulizwa.

Msalaba Mwekundu wana laini ya bure ya kuzungumza, 1199. Unaweza kuipiga wewe kwanza, ukiwa pembeni, uwaeleze hali ilivyo. Ila mama akianza kusema amechoka kuishi, usingoje siku ya kliniki wala simu ya mtu: mpeleke hospitali wakati huo huo, na asiachwe peke yake chumbani.