Mama mkwe hakukunyang'anya dini yako

Shangazi, shikamoo. Mimi ni Mkristo, nimeolewa na Mwislamu, huu ni mwaka wa sita, na tuna mtoto wa kiume wa miaka minne. Mume wangu tunapendana. Shida ni mama yake, tunayeishi naye tangu mwaka jana. Mimi dini yao naiheshimu sana, ila yeye yangu haiheshimu. Ananiingilia mpaka chumbani: juzi nimekuta ameihamisha Biblia yangu na kuiweka rafu ya juu pamoja na misahafu yake, bila kuniuliza. Siku nyingine alininunia wiki nzima kwa sababu nilikuwa napiga deki nikausogeza msala wake kwa mguu, mikono ikiwa na sabuni. Kanisani sijaenda tangu ahamie, kwa ajili ya amani ya nyumba. Sasa anataka mtoto aanze madrasa. Mume wangu naye, wakija wazee wa ukoo wao, ananiomba niseme nimesilimu ili mambo yasiwe mengi. Naona napotea, sijui mimi ni nani tena. Nimemwambia mume wangu achague, mimi au mama yake. Nifanye nini?

Marahaba, mwanangu. Hayo maneno kwamba hujui wewe ni nani tena yamenikaa moyoni, na pole nakupa ya dhati. Kubaki kitandani alfajiri huku wenzako wote wameamka kuswali ni upweke, tena unauma. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikirudia namwona mama mtu mzima anayebebeshwa mzigo ambao si wake.

Tuanze na Biblia. Umenieleza ilikopelekwa, hukunieleza ilikotolewa. Mtu ambaye kitabu chake kilikuwa mahali pake angesema, "ilikuwa mezani kando ya kitanda changu." Wewe umeruka hapo, na mimi nimepaona. Nadhani ilikuwa sakafuni, au chini ya rundo la nguo na chaja ya simu. Kama nakusingizia, nisamehe, lakini sidhani.

Sasa sikiliza. Kwa Mwislamu anayejua adabu, msahafu hauwekwi chini, haurundikiwi vitu juu yake, na wengi hawaushiki bila kutawadha. Rafu ya juu ndiyo mahali pa heshima kuliko pote chumbani. Na Kurani yenyewe, sura ya 3 aya ya 3, inasema Taurati na Injili viliteremshwa na Mungu. Mama huyo amekuta kitabu anachokijua kuwa kina jina la Mungu ndani yake, kimetupwa. Akakiinua, akakiweka pale anapoweka kile anachokipenda kuliko vyote. Angetaka kukificha angekitia uvunguni. Alipaswa kukuuliza, hilo nakubaliana nawe, chumba cha mtu ni chumba cha mtu. Lakini usiniambie haiheshimu dini yako. Siku hiyo aliiheshimu kukuzidi.

Na msala. Mwanangu, faradhi za siku moja zina rakaa 17, na kila rakaa ina sijida mbili. Maana yake, kama mama huyo anaswali vipindi vyake vyote, paji la uso wake linakigusa kile kitambaa mara 34 kwa siku, bila kuhesabu sunna. Pale unapopaona wewe ni sakafu ya kupigwa deki, yeye ndipo anapoweka uso wake mbele ya Muumba wake. Wewe umepasogeza kwa mguu. Sabuni mikononi naielewa, mambo ya nyumbani yana haraka zake, na mguu ungesameheka siku ile ile kama ungefuata neno moja tu: "Mama, nisamehe." Hukulisema. Umeandika kwamba alinuna, hujaandika kwamba alikutukana. Mama mkwe aliyekanyagiwa pa kusujudia akanyamaza wiki nzima ana subira ambayo wengi hatuna.

Sasa nije kwenye kidonda chenyewe, nacho ni kanisa. Unasema hujaenda tangu ahamie, kwa ajili ya amani ya nyumba. Nani alikukataza? Nimetafuta jina lake kwenye barua nzima sijaliona. Mumeo hakukataza. Mama yake hakukataza. Hakuna mahali umeandika ulivaa, ukafika mlangoni, mtu akakuzuia. Na nikuulize, ujibu mbele ya Mungu wako wala si mbele yangu: miaka ile kabla hajahamia, ulikuwa unakwenda kila Jumapili?

Uislamu anaoufuata mumeo unamruhusu mwanamume kuoa mwanamke wa Kikristo naye akabaki Mkristo. Iko kwenye sura ya 5 aya ya 5, na wanazuoni walio wengi ndivyo wanavyoifundisha. Ndoa yako haikukutaka uache kitu. Uliacha mwenyewe, polepole: Jumapili moja kwa uchovu, nyingine kwa uvivu, ya tatu kwa sababu mtoto ana mafua. Halafu akaja mwanamke anayeswali mara tano kwa siku bila kukosa, na ukimwona unakumbuka ulichokiacha. Hapo ndipo hasira inapotoka. Mtu aliyesimama imara kwake hakereki kumwona mwenzake amesimama kwake.

Hili si lako peke yako, ndiyo maana nalisema kwa sauti. Siku hizi vijana wanaoana kwa imani mbili wakidhani kuheshimiana ni kila mmoja kufifia kidogo. Huyu anaacha kusali ili asimkwaze yule, yule anaacha kufunga ili asimchoshe huyu, wanakutana katikati mahali ambapo hapana kitu, wanapaita amani. Kisha mtoto anazaliwa, au mzazi anafariki, kila mmoja anatafuta cha kushika hakioni, wanaanza kulaumiana. Nimezisoma barua za namna hiyo nyingi sana kwenye safu hii, na zinanisikitisha, kwa sababu wanaoziandika ni watu wema waliotaka wema.

Wahenga walisema ukiwa kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Wako wanaosema "vunja". Mimi nililelewa na "fumba", nami nashika hiyo. Jicho linalofumbwa hufumbuliwa. Ukiingia msikitini unavua viatu, ukitoka unavaa vyako. Ramadhani ikifika huli mbele ya aliyefunga, na mwenyewe hujafunga. Mgeni wa Kiislamu akija kanisani kwenye harusi anasimama wengine wanaposimama, na komunyo haendi kupokea wala hakuna anayemtarajia. Hayo yote ni kufumba jicho. Aliyekwambia uvunje ni nani?

Soma kitabu chako, hapo kilipo rafu ya juu. Danieli, sura ya kwanza. Kijana kachukuliwa mateka Babeli, akapewa jina la kigeni, Belteshaza. Akawekwa miaka mitatu asomeshwe lugha na maandiko ya Wakaldayo, akasoma, tena akawashinda waliosoma naye. Hakuona kwamba kujifunza ya watu kunamfuta. Ila chakula cha mfalme alikuwa ameshaazimia moyoni kwamba hatajitia unajisi kwacho. Na angalia alivyokataa. Hakupindua meza. Alimwomba msimamizi kwa upole, akamwambia tujaribu siku kumi, utupe mboga na maji, kisha utuangalie. Aliujua mpaka wake kabla hajaulizwa, kwa hiyo hakuhitaji ukali. Wewe mpaka wako huujui uko wapi, ndiyo maana unapigania rafu na msala.

Mtoto. Hapa nitakuwa mkali, kwa sababu mtoto hana wa kumwandikia barua. Mlipooana mlikubaliana nini juu ya dini ya watoto? Barua yako haina hata mstari mmoja, nami natafsiri ukimya huo kuwa mlisema "tutaona huko mbele". Mwanangu, hilo ndilo jambo ambalo dini zote mbili hazisemi "tutaona". Katika fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, mtoto wa baba Mwislamu huhesabiwa Mwislamu. Kanisa Katoliki nalo, kwa mfano, katika sheria zake za mwaka 1983, kanuni ya 1125, linamtaka Mkatoliki anayeoana na asiye Mkatoliki aahidi kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa humo, na mwenzake aarifiwe ahadi hiyo kabla ya ndoa. Kabla, si mtoto akishatimiza miaka minne. Wakubwa wa dini walijua pale ndipo moto unapowakia. Watu wanakaa miezi sita wakichagua rangi ya harusi na mpiga picha, hili dogo la roho ya mtoto wanaliacha lijipange lenyewe. Mficha uchi hazai, nanyi mliuficha.

Na kabla hujamshutumu bibi yake, nikuulize: mtoto huyo anaijua sala ya Baba Yetu? Kuna hadithi moja ya Biblia uliyowahi kumsimulia akalala? Bibi amekaa naye mwaka mzima, akaona mtoto asiyejua kuomba kwa baba wala kwa mama, akasema basi aende madrasa. Huwezi kuukataa mkono unaompa mtoto kitu wakati wako umeukunja. Uamuzi si wa bibi, uamuzi ni wenu wawili. Kaeni usiku mmoja, mlango umefungwa, muamue kweli, na mkishaamua mkampe mama habari pamoja, mumeo ndiye azungumze. Kama mtashindwana, nendeni kwa mchungaji na kwa shehe, kwa wote wawili, mkasikilize mbele ya kila mmoja. Itakuwa ngumu. Iliyo ngumu zaidi ni ya miaka kumi ijayo, mtoto atakapouliza mwenyewe akawakuta bado mnasema tutaona.

Sasa nikugeukie upande wako, maana kuna jambo moja ambalo una haki yote, na ajabu ni kwamba umeliandika kwa mstari mmoja kana kwamba ni dogo. Mumeo kukuomba useme umesilimu. Hapana. Hilo likatae leo. Kuvua viatu ni heshima, kutamka imani usiyonayo ni uongo, na ni uongo mbele ya Mungu wake na wako pia. Tena una hatari. Wazee wale wakiondoka wanakuhesabu Mwislamu. Watategemea uswali, ufunge, na ukifa uzikwe kwa taratibu zao. Siku watakapokuona unatoka kanisani hawatasema umerudi kwako, watasema umeritadi, yaani umeuasi Uislamu, na aibu itakuwa yako, si ya aliyekutuma. Kama ulishawahi kulitamka hilo kwa kumfurahisha, mwambie mumeo aende kwa wazee hao mwenyewe akaseme ukweli. Yeye ndiye aliyeona haya kuwa na mke Mkristo, basi abebe haya hizo.

Ukitaka mfano wa kukataa bila kuvunja nyumba, uko kwenye msahafu wa mumeo, sura ya Luqman, aya ya 15: wazazi wakikushikilia umshirikishe Mungu usiwatii, lakini kaa nao kwa wema. Msomee. Atakuelewa upesi kuliko ukitumia maneno yako.

Ile kauli ya "mimi au mama yake" iondoe. Kaifute kwa mdomo wako, usingoje isahaulike. Mtume Paulo, kwenye Wakorintho wa Kwanza sura ya 7, anamwambia mwanamke mwenye mume asiye wa imani yake kwamba kama mume amekubali kukaa naye, asimwache. Mumeo amekubali kukaa nawe miaka sita. Na mwanamume aliyelelewa na mama wa namna hiyo ukimlazimisha kuchagua, hata akikuchagua wewe utaishi na mtu aliyekatika.

Jumamosi jioni mwambie mumeo, mama akisikia: "Kesho naenda kanisani na mtoto, tutarudi mchana." Usiombe ruhusa na usitoe hotuba. Kisha nenda kwa mama, mwombe msamaha wa ule msala, hata kama umepita muda, umtajie mguu kwa jina lake, usizungushe. Muulize unakunjwa vipi, maana wenye kuswali wana namna yao ya kuukunja. Biblia iache pale juu alipoiweka, ila iwe inashuka kila usiku isomwe, mtoto akiwa karibu.

Ikipita miezi miwili niandikie tena. Na safari hii mumeo naye aandike barua yake, mzitie pamoja.