Shangazi Anajibu: Mume kasema haramu, wifi kasema kizazi kitaoza

Shangazi asalaam alaykum. Mi nipo Pemba, nna miaka 27 na watoto wanne, wa kwanza ana miaka sita na huyu mdogo miezi saba. Huyu wa mwisho nilitoka damu nyingi sana wakati wa kujifungua mpaka nkatiwa chupa mbili, daktari akanambia mwanangu pumzika angalau miaka miwili. Nikamwambia mume, akasema uzazi wa mpango haramu, Mtume kasema tuzae tuwe wengi, na mamake akadakia mtoto huja na riziki yake. Wifi zangu nao wanasema ukichoma sindano kizazi kinaoza. Baada ya yule wa tatu niliwahi kuchoma kwa siri, basi ikawa natoka matone matone mwezi mzima na ilikuwa Ramadhani, sisali sifungi, mume akashtuka hedhi gani hii haina mwisho, ikajulikana, pakawa hapakaliki. Nikaacha, ndo nkapata mimba ya huyu. Sasa mume akirudi bahari naogopa hata kulala. Nifanyeje?
Mama Wanne, Pemba

Waalaykum salaam Mama Wanne. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nianze na hilo neno haramu manake ndo lililokufunga mdomo. Sahaba Jabir kapokewa katika Bukhari na Muslim akisema wao walikuwa wakifanya azl, yaani mwanamume kumwaga nje, na huku Qur'ani inateremka. Hawakukatazwa. Imamu Ghazali, ambaye ni Mshafii, yaani mfuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, kama sisi wengi huku visiwani, aliihesabu hofu ya mke kudhurika na uzazi kuwa ni sababu inayokubalika ya kufanya hivyo, na huyo kafariki mwaka 1111, hakuna aliyemhonga kondomu. Masheikhe wa baadae wakapimia hapo hapo, kinachozuia mimba kwa muda bila kudhuru hukmu yake kama azl. Wanachokikataa wengi wao ni kukata kizazi moja kwa moja bila dharura, na wewe hujaomba hicho.

Hadithi ya wingi ipo, mumeo hakudanganya, ila haisemi kila mwaka. Na aya ya 233 ya Suratul Baqara inataja mama kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anaetaka kutimiza. Shirika la Afya Duniani nalo linasema toka kuzaa mpaka kushika mimba nyengine ipite miezi 24 kwa uchache, kwa hiyo daktari wako hajabuni kitu, na bibi zetu waliokuwa wakiogopa mtoto asibemendwe walikuwa wanaachanisha hivyo hivyo bila kusoma popote.

Lakini nikwambie ukweli, sidhani kama tatizo la mumeo ni fiqhi, yaani hukmu za dini. Kuna utafiti wa serikali wa mwaka 2015-16 uliopita nyumba kwa nyumba nchi nzima, kuulizwa wanawake walioolewa nani anatumia njia za kisasa. Mkoa wa mwisho kabisa ulikuwa Kusini Pemba, asilimia 7. Wa kwanza je? Lindi, asilimia 52. Lindi! Huko nako misikiti kila mtaa, madrasa kila mtaa, wanafunga Ramadhani ile ile tunayofunga sisi. Sasa ingekuwa ni dini ndo inazuia, Lindi ingefanyaje? Mi naona (haya ni maoni yangu, msinitupie mawe) ni kwamba Wamwera, Wamakonde na Wayao wa kule kwa asili wanahesabu ukoo upande wa mama, mwanamke ana kauli nyumbani kwake, na huku kwetu kauli ya uzazi iko kwa mume, na nyuma ya mume yupo mamake. Mwanamme akikubali mkewe apumzike anaogopa ataambiwa katawaliwa. Mke nae akitaka kupumzika anaogopa ataletewa mwenza aje azae badala yake. Hapo dini inaitwa tu ije kufunga mjadala, manake ukishasema haramu nani atakubishia?

Kwa hiyo usijibizane nae hadithi kwa hadithi, hata ukishinda umeshindwa. Tafuta mwanamme anaemheshimu, mjombake, au imamu wa msikiti anaosali ambae wewe unajua ana busara (sio kila alievaa kanzu), aelezwe habari ya damu uliyomwaga na aseme nae yeye. Ile kauli ya Mtume kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana, ikitoka kwa mwanamme mwenzake ina uzito mwengine kabisa. Halafu siku ya kliniki nenda nae, amsikie daktari kwa masikio yake sio kupitia kwako. Nimeona wanaume wakali wakitoka mle ndani wamenyamaza wenyewe kabeba mtoto.

Na badilisha neno. Usiseme uzazi wa mpango, sema kupumzika, sema kuachanisha. Oman walipoanza mradi wao mwaka 1994 waliupa jina la kuachanisha uzazi, hakuna aliyeambiwa azae wangapi, dawa bure vituoni, na watu wakakubali. Na sote tunajua ndugu zetu wangapi wako Muscat, muulize mkweo dada zake wa huko wamezaa wangapi!

Sasa damu, hapa nataka nikae kidogo kwa sababu nimewaona wanawake wengi wanaacha dawa kwa jambo hili na aibu inawafanya wasiulize. Sindano na kijiti, kile kinachotiwa chini ya ngozi ya mkono, vinavuruga siku, mmoja anakauka kabisa, mwengine anatoka matone wiki hadi wiki, hasa miezi ya mwanzo. Sio kizazi kinaoza. Ni ule utando wa ndani umekuwa mwembamba kwa ajili ya dawa, unabanduka kidogo kidogo, na ukiacha dawa unarudi. Upande wa ibada, kwa Shafii hedhi haizidi siku 15, ikipita hapo hiyo ni istihadha, damu ya ugonjwa tu. Fatima binti Abi Hubaysh alimwendea Mtume na tatizo hili hili la damu isiyokatika akaambiwa huo ni mshipa, sio hedhi. Mwenye istihadha anajisafisha, anajifunga kitambaa au pedi, anatia udhu kila kipindi cha sala kikiingia na anasali, anafunga, na mumewe si haramu kwake. Yaani ile Ramadhani yako ilikuwa na siku nyingi tu za kusali na kufunga na hakuna aliekwambia. Kupanga siku zipi zihesabiwe hedhi na zipi istihadha kuna hesabu yake, kaa na ustadhati, mwalimu wa dini wa kike, anaejua akupangie, na siku za funga ulizoacha ulipe.

Njia gani sasa? Kitanzi cha shaba, kinachowekwa ndani ya kizazi, hakina homoni na kinakaa miaka kumi, ila kinaongeza damu ya mwezi na wewe ndo kwanza umetoka kutiwa damu, mi nisingekimbilia huko. Kijiti kinakaa miaka mitatu au mitano kwa aina yake na hakiharibu maziwa. Vipo na vidonge vya wanaonyonyesha, ila hivyo vinataka saa, kila siku wakati mmoja, na wenye watoto wanne saa wanaisahau. Kunyonyesha peke yake kunakinga vizuri pale mtoto hajafika miezi sita, anakula ziwa tu na siku hazijarudi, wako ana miezi saba kwa hiyo hesabu hiyo imeshakwisha, usiitegemee hata wiki moja. Nenda wiki hii, na huko watakupima mimba kwanza.

La kutumia kwa siri umeliuliza bila kuliuliza. Masheikhe wengi wanataka makubaliano ya wawili, na mi pia napenda hivyo. Lakini mwanamke alietiwa chupa mbili za damu hakai kusubiri mtu aamke vizuri. Nesi anaweza kukuuliza mumeo anajua, ila sio sharti la kupewa dawa.

Shangazi, haya mambo ni mpango wa wazungu kupunguza Waislam, mbona hawapunguzi wao?
Baba Asha, Tanga

Baba Asha, wazungu wenyewe wanazaa wawili wawili, kwa hiyo hapo wamejipunguza! Kwa kushuku sikulaumu, wenye hela za misaada mara nyingi wanakuja na hesabu zao. Ila itazame Iran, hao na Marekani hawaamkiani. Mwaka 1989 baada ya vita yao na Iraq wakaona watoto hawana skuli wala kazi, serikali ya maulamaa wenyewe ikarudisha uzazi wa mpango, wachumba wakawa lazima wahudhurie darasa kabla ya ndoa, na mpaka miaka ya 2000 kuingia mwanamke wa huko katoka wastani wa watoto sita na zaidi hadi wawili hivi. Baadae wakubwa hao hao wakageuka, mwaka 2021 ikatoka sheria ya kubana dawa ili watu wazae. Mzungu yuko wapi hapo? Ni serikali na hesabu zake. Wewe hesabu yako ni Asha na mamake.

Naolewa baada ya mfungo sita na nataka nimalize chuo kwanza, somo wangu (anaenifunda) kasema nisizuie kabla sijazaa wa kwanza nitakuwa tasa. Kweli?
Bi Harusi, Unguja

Si kweli mwanangu, dawa hazimfanyi mtu tasa. Somo anayajua mengi ila hili kalisikia tu. Kitu kimoja lakini, sindano ya miezi mitatu iache, sio kwamba inaua kizazi, ila ukishaiacha mimba inaweza kuchelewa miezi mingi, pengine karibu mwaka, na kwa ukweni kwako huo mwaka watakusema vibaya. Chukua vidonge au kondomu, ukiacha mambo yanarudi haraka. Na umwambie mchumba sasa hivi kabla ya nikaha, chuo ni miaka mingapi na mtoto lini, mahari haijatolewa bado una mdomo.