Nilipoacha piko nikabaki na hina: maneno kwa mnaoanza

Wanangu mnaoanza kushika koni ya hina, miaka 26 nimechora mikono ya watu hapa Mombasa, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo nilifanya kila kilichobisha hodi. Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea ngozi, hina, rangi ya nywele, kucha, singo ya kusugua mwili, na watoto wa Idi waliojaa ukumbini tangu asubuhi hadi adhana ya Isha. Leo nafanya kazi moja: hina ya maharusi, maua ya kipwani, mikono na miguu, basi. Wengi mnaniuliza muongeze nini kwenye kazi zenu. Bado hajaniuliza mtu apunguze nini.

Mimi nilianza kupunguza kwa piko, na sikuiacha kwa hiari. Nilimchora bi harusi Alhamisi, Jumatatu mama yake akanipigia simu. Nilipofika nikakuta ua nililomchora mgongoni mwa mkono limeumuka lote, petali kwa petali, malengelenge yamefuata mstari wangu mpaka kwenye ncha za vidole. Binti huyo alikuwa akichorwa piko tangu utotoni, hajawahi kupata hata mwasho. Hapo ndipo tunapojidanganya. Ule unga mweusi ni rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Mwili unaweza kuistahimili mara kumi, ya kumi na moja ukaikataa, na ukishaikataa kwa kawaida ndiyo moja kwa moja: hata rangi ya nywele yenye kemikali hiyo inaweza kumdhuru mtu uzeeni. Nchi za Umoja wa Ulaya zinairuhusu kwenye rangi ya nywele, isizidi asilimia 2 inapopakwa, wala haziruhusu ichorewe ngozi. Sisi tulikuwa tunaikoroga kwa kukisia, kwenye kifuniko cha chupa.

Kuitupa piko ilikuwa kazi ya dakika moja. Kuchora bila piko kulinichukua karibu mwaka. Mnajua mtindo wetu: piko ndiyo ukingo, hina ndiyo inayojaza. Ukiondoa ule mstari mweusi, ua linalegea, linakuwa doa jekundu tu. Nilichogundua ni kwamba hina yenyewe ina rangi zaidi ya moja, ukijua kuipima. Uji mnene unakaa na unyevu muda mrefu, unaingia ndani ya ngozi, unaacha rangi iliyoiva. Uji mwembamba unakauka upesi na kuacha rangi hafifu. Basi ukingo nauminya mnene kwa koni, ndani napapasa kwa brashi iliyoloa maji kidogo, na katikati ya petali naacha ngozi tupu. Pale patupu ndipo ua linapopumua. Mkono uliozoea piko hauwezi kuacha patupu, unataka kujaza tu.

Hina nayo ina masharti yake. Unga uwe mpya, wa kijani, unaonukia majani makavu. Korogeni kwa ndimu, sukari kidogo, na matone ya mafuta ya mkaratusi. Kwa joto letu huiva kwa saa chache tu, na inayobaki igandisheni kwenye friza, kwani ikilala nje rangi hufa. Hina safi haitoki nyeusi kamwe. Hutoka rangi ya chungwa, kisha huiva kwa siku mbili hivi, ndiyo maana siku hizi simchori bi harusi usiku wa kuamkia harusi, hata nikibembelezwa. Na vichanga msiwapake kabisa: wapo wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, jambo lisilo geni kwenye nchi za malaria kama yetu, na hina inaweza kuvunja chembe hizo.

Shaabani ya kwanza bila piko nilipoteza wateja wengi, wengine wakasema nimeanza maringo. Niliumia. Lakini kwa kuwa nilikuwa na nafasi, nilianza kutazama picha za kazi zangu za zamani, nikajiuliza ni ipi ningependa kuichora tena kesho. Kucha, hapana. Michoro ya Kihindi iliyojaa hadi kiwikoni, naistahi, lakini wapo wanaoijua kunishinda, na sasa nawapelekea wateja. Yaliyobaki yalikuwa maua: waridi, asumini, na mlangilangi wenye petali zake ndefu zilizopinda, ambao mpaka leo unanipa tabu kwenye kifundo cha mguu.

Sasa napokea maharusi wawili kwa wiki, kila mmoja saa nne au tano. Asubuhi, kabla sijakoroga hina, nachora waridi moja kwenye daftari la shule. Nimeshamaliza madaftari kumi na moja. Mkija kwangu kujifunza, ndiyo nitakayowafungulia kwanza, tuanze na lile la kwanza lenye waridi mbaya.