Usimpe mama hiyo tembe mpya kabla hujasoma miligramu

Usimpe. Wewe unayeuliza kuhusu mama yako anayeishi mtaa wa Umoja, weka hiyo pakiti mpya juu ya kabati kwanza, halafu tuongee. Umesema amekuwa akimeza diazepam, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, ya 5 mg kila usiku kwa miezi, juzi kemisti hawakuwa nayo, wakampa clonazepam ya 2 mg na kumwambia "ni kundi moja, meza tu moja kama kawaida." Sasa unataka amalize za zamani huku akianza mpya, zisiharibike. Aliyempa hayo maneno hakustahili kusimama nyuma ya kaunta ya dawa. Kumbadilishia mtu dawa inayogusa ubongo kwa sababu rafu iko tupu, bila hata kumpigia simu daktari aliyeiandika, ni kucheza na uhai wa mzazi wa watu. Inaniudhi kwa sababu jambo hili linajirudia hapa Nairobi kila uchao.

Hesabu ni hii. Kwenye majedwali ambayo madaktari hutumia kulinganisha dawa hizi, diazepam 10 mg hukaribiana na 1 mg ya ndugu yake lorazepam, au clonazepam kati ya 0.5 mg na 1 mg. Kwa hiyo zile 5 mg za mama ni kama robo hadi nusu miligramu ya clonazepam. Yeye kapewa 2 mg. Hiyo ni mara nne hadi mara nane ya kipimo alichozoea, ndani ya tembe ambayo ukiiweka kiganjani haitofautiani sana na ile ya kwanza. Ukubwa haukwambii kitu. Rangi nayo usiitegemee, kila kiwanda huchagua yake.

Halafu unataka kuongeza ile ya zamani juu yake! Diazepam haitoki mwilini haraka. Nusu ya kipimo kimoja huchukua siku nzima hadi siku mbili kuondoka, na ini huigeuza kuwa kemikali nyingine ambayo nayo huendelea kutuliza ubongo kwa siku kadhaa. Kwa mzee mambo huenda polepole zaidi. Ndiyo maana hata ukiacha leo kumpa ya zamani, bado imo. Anaamka usiku kwenda msalani, miguu haimbebi, anaanguka na kuvunja nyonga. Mchana anasinzia mezani na maneno yanamtoka kwa kuburura, nyumba nzima inasema ni uzee. Na kama anatumia tramadol kwa ajili ya maumivu ya magoti, au dawa ya kikohozi yenye codeine, au anaonja pombe kidogo, pumzi yenyewe inaweza kupungua hadi ikome.

Lakini usikimbilie upande wa pili ukamkatia zote usiku mmoja. Mtu aliyezoea dawa hizi kwa miezi akiachishwa ghafla hukosa usingizi, hutetemeka, na anaweza kupata kifafa hata kama hajawahi kuugua. Kupunguza hufanywa kidogo kidogo, kwa wiki nyingi, daktari akiwa anafuatilia. Kwa hivyo leo hii tafuta diazepam ileile ya 5 mg katika kemisti nyingine yenye mfamasia aliyesajiliwa, ukiwa na karatasi ya daktari. Ukiikosa, mpigie daktari wake leo leo, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Beba kila pakiti iliyo nyumbani, hata za maumivu na za kikohozi, uziweke mezani mbele ya daktari.

Kama tayari amezimeza zote mbili na haamki ukimtikisa, anakoroma vibaya, anapumua kwa nadra au midomo imebadilika rangi, mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitali na pakiti mkononi. Usimnyweshe maziwa wala kahawa, vitamwingia mapafuni.

Sasa hilo neno "kundi", maana ndilo lililokupoteza. Kuna kundi la kemia: diazepam, lorazepam na clonazepam zote zinaishia na -azepam kwa sababu Shirika la Afya Duniani, linalopanga majina haya tangu miaka ya 1950, huzipa dawa za ukoo mmoja mwisho mmoja. Mwisho huo unakwambia ukoo, haukwambii nguvu. Na usidanganywe na carbamazepine, inafanana kwa maandishi lakini si ya ukoo huo, ni dawa ya kifafa ya aina nyingine kabisa. Kuna pia kundi la sheria: mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 una majedwali manne, na diazepam na clonazepam ziko pamoja katika la nne. Jedwali hilo linapima hatari ya kutumiwa vibaya dhidi ya faida yake hospitalini. Halina habari na kipimo cha mama yako.

Soma pakiti hivi. Jina kubwa la mbele ni la kampuni, liruke. Chini yake kuna jina dogo, kwa mfano "Diazepam Tablets BP 5 mg". Jina hilo dogo na zile miligramu ndivyo vya kunakili. Hizo herufi BP ni alama ya kitabu cha viwango vya dawa cha Uingereza, hazihusiani na presha, na wapo wanaompa mgonjwa wa presha dawa kwa sababu ya herufi hizo! Angalia pia majina pacha: benzhexol na trihexyphenidyl ni dawa moja, phenobarbitone na phenobarbital vilevile. Ukiletewa moja juu ya nyingine, umepewa kipimo mara mbili.

Jina dogo au miligramu zikibadilika, mgonjwa hamezi mpaka daktari aseme. Hata kama kemisti ni rafiki yenu wa miaka.

Andika hapa sasa hivi: mama ana miezi mingapi kwenye diazepam, tembe ya mwisho alimeza lini, na kuna tramadol nyumbani au hakuna?