Kwa unayeanza kazi ya mifumo: anza kupima dirishani kwa mteja

Ukiajiriwa kitengo cha TEHAMA, iwe SACCOS, hospitali, duka la jumla au kampuni ya mabasi, utakuta kazi yako yote inapimwa kwa swali moja: mfumo upo? Hakuna atakayeuliza ulisomea lugha gani ya programu wala seva yenu ina ukubwa gani. Mtu wa dirishani anataka kukata risiti, na mteja aliye mbele yake anataka kuondoka.

Kwa hiyo jizoeze mapema kuupima mfumo pale dirishani. Seva inaweza kuwaka taa zote za kijani, hifadhidata ikajibu vizuri, na bado risiti isitoke kwa sababu printa imepoteza anwani yake kwenye mtandao wa ndani. Wewe utasema mfumo uko hewani, mteja atasema haupo, na mwenye haki ni mteja. Mwezi Mei 2021 wateja wengi wa LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia, hapa Tanzania walishindwa kununua umeme. Umeme ulikuwepo kwenye nyaya na mita zilikuwa nzima. Kilichokwama ni mfumo wa kuuza, na aliyeishiwa uniti alikaa gizani huku pesa anayo. Kila kijana mpya ninayefanya naye kazi namweleza tukio hilo kabla sijamwonyesha chumba cha seva.

Wauzaji wa huduma watakuahidi kuwa hewani asilimia 99 ya muda. Usikubali kabla hujapiga hesabu. Asilimia moja ya mwaka ni saa 87.6, zaidi ya siku tatu na nusu. Asilimia 99.9 inakuachia karibu saa 8.8 za kukatika kwa mwaka, na 99.99 inakuachia dakika 53 hivi. Halafu kumbuka kwamba mauzo ya dirishani yanategemea vitu vingi kwa wakati mmoja: umeme, intaneti, seva, hifadhidata, huduma ya malipo. Vikiwa vitano, kila kimoja kina asilimia 99.5 na kila kimoja kinakatika kwa wakati wake, vyote kwa pamoja vinakupa kama 97.5. Hizo ni siku tisa za mwaka mfumo haupo, na kila mtoa huduma atakuonyesha karatasi kwamba yeye alitimiza ahadi yake.

Tena saa hazina uzito sawa. Ofisi ya uhasibu inaweza kuvumilia mfumo kulala usiku kucha, lakini dakika ishirini za mchana wa tarehe 20, siku ya mwisho ya ritani za VAT, zinaumiza. Kampuni ya mabasi ina asubuhi yake, duka la jumla lina mwisho wa mwezi wake. Hospitali haina saa ya kupumzika hata moja. Muulize mtu wa dirishani, usimuulize meneja, ni saa zipi akikosa mfumo anashindwa kabisa kazi. Ukishazijua hizo saa, ratiba yako ya matengenezo itajipanga yenyewe.

Sasa umeme, maana huku kwetu ndiko mengi yanakoanzia. Karibu kila ofisi itakwambia ina jenereta. Usiku wa Agosti 25, 2023 gridi ya Kenya ilianguka karibu nchi nzima, na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi ulikuwa na majenereta. Jenereta la sehemu mojawapo ya abiria halikuwaka, na abiria wakabaki gizani. Kuwa na jenereta ni jambo moja, na jenereta kubeba mzigo siku inapotakiwa ni jambo lingine. Kuliwasha Jumamosi asubuhi likanguruma dakika tano bila kubeba kitu hakukuambii lolote. Omba ruhusa, chagua saa tulivu, zima umeme wa TANESCO kwenye swichi kuu, kisha simama uangalie nini kinabaki kinawaka. Hapo ndipo utagundua kwamba kiyoyozi cha chumba cha seva hakikuunganishwa upande wa jenereta, na kwamba seva zitaendelea kufanya kazi vizuri mpaka joto lizizime zenyewe. Utagundua pia kama swichi ndogo ya mtandao ya ghorofa ya pili, ile iliyojificha juu ya dari, iko kwenye UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme kwa muda, au imechomekwa ukutani tu.

Betri za UPS za kawaida, zile za risasi na asidi, huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, na joto la Tanga, Dar es Salaam au Mombasa huzichosha mapema zaidi. Mara nyingi taa ya mbele itaendelea kuonyesha kijani. Usipoipima, huenda usijue betri imekufa mpaka umeme ukatike na kila kitu kizime papo hapo.

Na usifikiri hatari imekwisha umeme ukirudi. Mei 27, 2017 shirika la ndege la British Airways lilipoteza umeme kwenye kituo chake cha data karibu na Heathrow, na kwa maelezo ya shirika lenyewe, umeme uliporudishwa bila utaratibu ndipo ulipoharibu vifaa. Abiria wapatao 75,000 walikwama. Sisi ambao umeme wetu hurudi kwa kishindo, tena wakati mwingine unarudi na kukatika mara mbili tatu, tuna sababu kubwa zaidi ya kuogopa. Andika mpangilio wa kuwasha na uubandike ukutani: kwanza ruta na swichi, halafu seva ya hifadhidata, ihakiki, halafu programu za biashara, mwisho kompyuta za madirishani. Mlinzi wa usiku asiruhusiwe kubonyeza chochote kwa huruma.

Kwenye intaneti, usidanganywe na idadi ya laini. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora au kupotea Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Msumbiji. Ukiwa na watoa huduma wawili ambao wote walikuwa wanapitia nyaya hizo hizo, ulikuwa na ankara mbili na njia moja. Nchi kavu ni vilevile: faiba za kampuni mbili tofauti mara nyingi hupita kwenye mtaro mmoja, na kijiko cha mkandarasi wa barabara hakichagui. Waulize watoa huduma kwa maandishi, faiba yenu inapita mtaa gani na inatoka nchini kwa njia ipi. Wengine watakwepa kujibu, na hilo nalo ni jibu. Laini ya pili iwe ya namna nyingine kabisa, kwa mfano ya simu au ya redio, hata kama ina kasi ndogo.

Swali kubwa zaidi lakini ni hili: kazi gani haihitaji intaneti kabisa? Kuuza dawa iliyopo kwenye kabati mita mbili kutoka kwa muuzaji hakupaswi kutegemea seva iliyoko Ireland. Ukipewa nafasi ya kushauri wakati mfumo unanunuliwa, lipiganie hilo. Dirisha liweze kuuza na kutunza kumbukumbu zake lenyewe, kisha lipeleke taarifa makao makuu mtandao ukirudi.

Nakala za akiba ndiyo sehemu inayonikosesha usingizi kuliko zote. Usiku wa Januari 31, 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta data za hifadhidata kwenye seva ambayo siyo aliyokusudia, karibu GB 300. Walipogeukia nakala zao, waliona kwamba katika njia tano walizojiwekea hakuna hata moja iliyokuwa inafanya kazi ipasavyo. Nakala ya kila siku ilikuwa inashindwa kimyakimya kwa sababu programu ya kuitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata. Barua pepe za kuonya zilitumwa, lakini zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mfanyakazi mmoja aliichukua kwa kazi ya majaribio, kama muda wa saa sita kabla ya kosa hilo. Hawa ni watu ambao biashara yao ni programu, na walieleza kila kitu hadharani, jambo ninaloliheshimu sana.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukiambiwa bakapu zipo, sema asante, kisha omba kompyuta nyingine na uirudishe hifadhidata ya jana humo, kila mwezi. Usiishie kuona faili lipo na lina ukubwa wa kutosha. Mwite mhasibu afungue ripoti ya mauzo na aseme kama tarakimu ndizo. Pima muda uliotumika toka mwanzo mpaka mhasibu aseme ndiyo, uuandike. Huo ndio muda halisi ambao biashara itasimama siku seva ikifa, na mara nyingi ni mrefu mara kadhaa kuliko mkurugenzi anavyodhani. Wala usihesabu diski mbili zinazonakiliana ndani ya seva moja kuwa ni akiba. Ukifuta kwenye moja, umefuta kwenye zote. Nakala moja ikae nje ya jengo.

Kuna vitu vidogo vinavyoangusha mifumo mikubwa, navyo nitavitaja haraka: diski iliyojaa kumbukumbu za programu, cheti cha usalama cha tovuti kilichokwisha muda, jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti yenu, ambalo halikulipiwa kwa sababu aliyekuwa anapokea barua pepe za kukumbusha alishahama kazi, leseni ya mwaka. Vyote vina tarehe. Viweke kwenye kalenda inayoonekana na watu wawili au zaidi.

Mabadiliko yanataka heshima. Julai 19, 2024 kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kasoro. Ililiondoa baada ya dakika 78, lakini kwa makadirio ya Microsoft kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zilikuwa zimeathirika, na nyingi zilihitaji mtu azifikie moja moja kwa mkono. Sasisho lolote lianze kwenye kompyuta chache, lilale usiku mmoja, ndipo liende kwa wengine. Kabla hujagusa kitu, andika jinsi utakavyokirudisha kilivyokuwa. Ukishindwa kuandika, hujawa tayari kukigusa. Na Oktoba 4, 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilipopotea kwa takriban saa sita kutokana na amri iliyotolewa wakati wa matengenezo, wahandisi walitaabika hata kuingia kwenye mitambo, kwa sababu nyenzo zao za ndani zilitegemea mtandao uleule uliozimika. Namba za simu za watoa huduma, ramani ya nyaya na nywila za dharura viwepo pia kwenye karatasi, ndani ya kasha lenye ufunguo.

Siku mfumo ukianguka, gawaneni: mmoja atengeneze, mwingine azungumze na watu. Fundi anayepokea simu kila dakika hatengenezi kitu. Anayezungumza awape watu wa madirishani saa ya taarifa inayofuata, kwa mfano saa tano na nusu, hata kama taarifa yenyewe itakuwa kwamba bado. Mteja akijua saa, anaweza kwenda kufanya shughuli nyingine akarudi.

Jihadhari zaidi na malipo ya simu. Mteja amelipa kwa M-Pesa au Airtel Money, pesa imetoka, na mawasiliano yakakatika kabla jibu halijafika kwenye mfumo wenu. Skrini inasema imeshindikana. Haijashindikana, haijulikani tu. Muuzaji akimwambia mteja alipe tena, umemtoza mara mbili mtu ambaye huenda hiyo ndiyo nauli yake ya kurudi nyumbani. Kila mauzo yawe na namba yake kabla ombi halijatumwa, na mfumo uulize hali ya namba hiyo kabla ya kutuma ombi jingine. Mpaka hapo, muuzaji aangalie namba ya muamala kwenye ujumbe wa mteja na aihakiki. Na risiti za mkono: pata utaratibu wa mamlaka ya kodi kutoka kwa mhasibu mapema, kabla mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, haijagoma, na amueni nani atakayeingiza mauzo hayo mfumo ukirudi, na kwa tarehe ipi.

Yote haya yanataka fedha, na bosi hatanunua betri kwa sababu umesema zimezeeka. Usimpelekee asilimia. Chukua mauzo ya saa moja ya siku yenu yenye shughuli nyingi, zidisha kwa ule muda uliopima wakati wa kurudisha hifadhidata, ongeza mishahara ya watu waliokaa bila kazi, na uweke bei ya betri pembeni yake. Nimeona maombi yaliyokaa mezani muda mrefu yakisainiwa mchana uleule mkurugenzi alipoona tarakimu hizo mbili kwenye ukurasa mmoja. Kibali kikitoka, andika tarehe ya kufunga betri kwa kalamu nene juu ya UPS yenyewe, na uweke tarehe ya kuzibadilisha kwenye bajeti ya miaka mitatu ijayo kabla hujaondoka kwenye ofisi ya mhasibu.