Duka lisiuzwe

Mwanangu Kamau,

Umeniuliza kama uuze duka lako la vifaa vya ujenzi hapo Ruaka upate pesa za kampeni, ugombee uwakilishi wadi mwaka 2027. Ukanikumbusha Mzee Njenga Karume, aliyekuja kuwa mbunge na waziri: si naye alikuwa mfanyabiashara tu?

Alikuwa, lakini angalia alianza na nini. Alizaliwa 1929, masomo yake hayakufika mbali, akaanza kwa kuuza makaa. Akaja kuwa msambazaji mkubwa wa bia. Mzee Kenyatta alipomteua kuwa mbunge mwaka 1974, mali yake ilikuwa imesimama. Kura za jimbo letu la Kiambaa alizishinda 1979.

Siasa hazikumhurumia. Akiwa mwenyekiti wa GEMA, ule umoja wa Wagikuyu, Waembu na Wameru, mwaka 1976 alikuwa mstari wa mbele kutaka Katiba ibadilishwe, ili rais akifa makamu wake asishike kiti moja kwa moja. Njonjo, Mwanasheria Mkuu, akawazima. Kenyatta akafariki 1978, na aliyeapishwa ni makamu yule yule, Moi. Hebu fikiria mtu mwenye leseni, mikopo na malori barabarani, anaamka chini ya rais ambaye yeye mwenyewe alijaribu kumzibia njia! Ukiingia siasa, Kamau, biashara yako inaingia nawe, upende usipende. Karume alilazimika kupatana na Moi, akawa hata waziri msaidizi wake.

Vyama vingi viliporudi akamfuata Kibaki kwenye chama cha DP, na 1992 Kiambaa ikamwangusha. Akarudi 1997. Baadaye Kibaki, akiwa rais, akamfanya Waziri wa Ulinzi, na bado 2007 watu wetu wakamwacha wakamchagua Stanley Githunguri. Waziri mzima! Niliumia, maana nilimheshimu sana.

Lakini kila alipoanguka biashara zilimngoja. Uzeeni alikuwa na mahoteli, Jacaranda ya Westlands ikiwemo. Wewe ukiuza duka ukashindwa, utarudi wapi? Wajukuu wangu watalipiwa karo na nani?

Gombea, mwanangu. Nitazunguka wadi nzima nikikuombea kura, magoti haya haya. Ila pesa za kampeni zitoke kwenye faida, mkeo ashike duka, na ukishinda usiguse zabuni hata moja ya kaunti, hata ya misumari.

Jumapili njoo na vitabu vya hesabu, tuone duka linaweza kutoa kiasi gani bila kuyumba.

Mama yako